Kuseti kabureta mbili za SU kwenye MGB: mwongozo kamili

Wenye MGB, gari dogo la zamani la Uingereza, na magari mengine ya zamani yenye kabureta mbili za SU (jina la aina ya kabureta) wana lalamiko moja. Kabureta zimefunguliwa, zimeoshwa, zimewekewa gasketi mpya. Fundi amezungusha skrubu na nati nusu siku nzima. Gari limetoka gereji likinguruma vizuri, na kabla ya wiki kwisha linamisi, linazima kwenye foleni na linanuka petroli. Linarudishwa, linasetiwa upya, na matokeo ni yaleyale.

Mara nyingi mkono wa aliyeseti hauna kosa. Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Kabureta zimeguswa kwanza ilhali zilipaswa kuguswa mwisho, na petroli imerekebishwa kabla hewa ya kabureta mbili haijalinganishwa. Shika mpangilio huu hapa chini bila kuruka hatua, na kabureta zako zitakaa kwenye seti kwa miezi mingi.

Vipimo nilivyotaja ni vya SU aina ya HS4, zilizofungwa kwenye MGB kuanzia 1962 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mini Cooper ina HS2, Volvo PV544 ya B18 ina HS6, na Datsun 240Z ina Hitachi zilizoundwa kwa kanuni ileile ya SU. Mwenye gari kati ya hayo afuate hatua hizi, ila namba achukue kwenye kitabu cha gari lake.

## Andaa hivi kabla hujafungua boneti

- Bisibisi bapa mbili, moja ndogo na nyembamba
- Spana ndogo za inchi. MGB ni gari la Uingereza la zamani, na spana za milimita zitakula kona za nati zako
- Fila geji, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya
- Taimingi laiti
- Kipimo cha mgandamizo wa silinda
- Mpira mwembamba wa kusikilizia, kipenyo kama milimita 8, urefu kiasi cha nusu mita
- Oili ya SAE 20 kwa ajili ya dampa, kifimbo kinachotumbukia kwenye oili juu ya pistoni ya kabureta
- Petroli safi kidogo au dawa ya kuoshea kabureta, pamoja na vitambaa visivyotoa nyuzi
- Keekee ya drili ya milimita 3.2
- Chupa ya kupulizia maji
- Daftari na kalamu
- Mtungi wa kuzimia moto, wa unga, ukae mahali mkono unapofika

Kipimo cha hewa cha kuweka kwenye mdomo wa kabureta kinauzwa na kinarahisisha kazi. Kama huna, usisubiri. Sikio na mpira vinatosha, nami naviamini.

Tahadhari. Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Usivute sigara. Vua tai, mtandio na cheni ya shingoni, kwa kuwa feni ya MGB iko karibu na mikono yako na haina kizuizi cha maana.

## Maneno matatu utakayokutana nayo

Sailensi ni mwendo wa injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta.

Mchanganyiko mzito ni wenye petroli nyingi kuliko hewa inavyohitaji, na mwepesi ni wenye petroli chache.

Upande mmoja wa nati. Chini ya kila kabureta kuna nati kubwa, yenye pande sita, ya kurekebishia jeti, yaani kibomba kinachotoa petroli. Nikisema "upande mmoja" nina maana ya kuizungusha sehemu ya sita ya mzunguko. Nati ikipanda, jeti hupanda nayo na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikishuka, mchanganyiko unakuwa mzito. Usihangaike na saa na kinyume cha saa, maana ukiwa umeinama kuangalia kutoka juu utajichanganya. Fikiria juu na chini tu.

## Hatua ya 1: Hakikisha injini yenyewe ni nzima

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayowarudisha gereji. Kabureta haiwezi kusahihisha moto mbovu wala vali iliyobana. Ukiseti kabureta juu ya pointi zilizochakaa, umeseti kabureta zifuate kosa. Siku ukibadilisha pointi, seti yote inaharibika.

Nenda kwa mfuatano huu:

Mgandamizo. Pima silinda zote nne injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, kipepeo (bamba la kabureta linalofunguka ukikanyaga mafuta) kimefunguliwa kabisa. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi asilimia 10. Silinda moja ikiwa chini sana, simama hapo. Una kazi ya vali au ringi, na kuseti kabureta ni kupoteza petroli.

Tapeti. Mwanya wake kwenye MGB nyingi ni milimita 0.38. Tapeti iliyobana huiachia vali mwanya, sailensi inayumba, na mwenye gari analaumu kabureta.

Plagi. Mwanya ni milimita 0.64. Zisafishe au weka mpya za aina moja.

Pointi, viguso vya umeme ndani ya distribyuta. Mwanya ni milimita 0.35 hadi 0.40. Tazama nyuso zake: zikiwa na kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili, badilisha pamoja na kondensa.

Taimingi. Iseti baada ya pointi, kamwe si kabla, kwa sababu mwanya wa pointi ukibadilika taimingi nayo hubadilika. MGB nyingi za mwanzo huchukua digrii 10 kabla ya kilele, yaani kabla pistoni ya injini haijafika juu kabisa, injini ikiwa imesimama. Hakikisha pia waya za plagi zimefuata mpangilio wa 1-3-4-2.

Hatua imefaulu pale injini inapowaka kwa urahisi na moto kuwaka silinda zote, hata kama sailensi bado si tulivu.

## Hatua ya 2: Tafuta hewa ya wizi

Hewa inayoingia kwenye injini bila kupita kwenye kabureta huleta mchanganyiko mwepesi usiorekebishika. Utateremsha nati, na bado silinda mbili zitamisi.

Washa injini, iache kwenye sailensi. Pulizia maji kidogo kwenye maungio: kabureta inapokutana na manifoldi, manifoldi inapokutana na kichwa cha injini, na kwenye mipira ya vakyumu. Usilengee distribyuta wala waya za plagi. Mlio wa injini ukibadilika maji yanapogusa mahali fulani, hapo panavuta hewa. Kaza, au badilisha gasketi. Kuna mafundi wanaotumia dawa ya kabureta kwa jaribio hili. Inaonyesha haraka zaidi, ila kuipulizia juu ya manifoldi ya ekzosi yenye moto ni kucheza na gari lako na uso wako.

Kisha zima injini, shika ncha ya shafti ya kipepeo kwenye kila kabureta na uitikise juu na chini. Kuzunguka kwake ni kawaida, kucheza si kawaida. Shafti inayocheza huvuta hewa pembeni mwake, na kila mara inatulia mahali tofauti. Ndiyo maana sailensi ya magari haya hubadilika bila sababu: leo mizunguko 800 kwa dakika, kesho 1,100. Dawa yake ni shafti na busha mpya. Hakuna seti itakayokaa kwenye shafti iliyochoka, na nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakinunua sindano, jeti na springi mpya huku shafti ikicheza wazi mbele ya macho yao.

## Hatua ya 3: Fungua, safisha, na usichanganye

Fungua kabureta moja kwanza. Ukimaliza hiyo, ndipo uende ya pili. Kuba la juu na pistoni iliyo ndani yake vilitengenezwa kama jozi, na nafasi kati yao ni ndogo mno. Ukichukua kuba la mbele ukalifunga juu ya pistoni ya nyuma, pistoni inaweza kukwama au kupitisha hewa kupita kiasi.

Chora alama ya penseli kwenye kuba na kwenye mwili wa kabureta ili lirudi upande uleule. Toa dampa, kisha skrubu za kuba, kisha linyanyue wima. Toa springi na pistoni. Mwaga oili ya zamani iliyo ndani ya bomba la pistoni. Usiiegemeze pistoni kwenye sindano yake, ile inayoingia ndani ya jeti: sindano ikipinda kidogo tu haifai tena. Iweke juu ya mdomo wa kikombe, sindano ikining'inia ndani.

Futa ndani ya kuba na ukingo wa pistoni kwa kitambaa chenye petroli. Msasa usitumike kabisa. Vikikauka, tia tone moja la oili nyepesi kwenye fimbo ya pistoni peke yake. Kuta za kuba na ukingo wa pistoni zibaki kavu.

Angalia sindano. Bega lake liwe sawasawa na uso wa chini wa pistoni, lisizame wala lisichomoze. Herufi au namba iliyochongwa kwenye shina lazima ifanane kwenye kabureta zote mbili. Zikitofautiana, hapo ndipo tatizo lako lilipokuwa siku zote, kwani kabureta mbili zenye sindano tofauti hazilingani hata uzisetije.

Rudisha kila kitu, ila dampa bado. Pandisha jeti hadi juu, nyanyua pistoni kwa kidole kupitia mdomo wa kabureta, kisha iachie. Inapaswa kuanguka yenyewe na kutoa mlio wa "tak", chuma kwa chuma. Rudia jeti ikiwa chini. Mlio ukiwa mkali zaidi jeti ikiwa chini, sindano inagusa jeti, maana yake jeti haiko katikati. Legeza nati kubwa inayoshikilia makazi ya jeti (si ile ya kurekebishia), jeti ikiwa juu kabisa sukuma pistoni chini taratibu kwa penseli kupitia tundu la dampa, kisha kaza nati ukiwa bado umesukuma. Jaribu tena mpaka milio ifanane. Kama sindano yako ni ile yenye springi inayoegemea upande mmoja, hatua ya kuweka jeti katikati haikuhusu.

## Hatua ya 4: Kimo cha petroli kwenye floti

Fungua mfuniko wa chemba ya floti (boya linaloelea kwenye petroli), ugeuze juu chini ili uzito wa floti ufunge vali yake ndogo. Pitisha keekee ya drili ya milimita 3.2 kati ya mkono wa floti na uso wa mfuniko. Ikipita kwa kugusa tu, umepatia. Kama sivyo, kunja mkono wa chuma kidogo kidogo pale unapoungana na vali. Floti ambazo mkono wake ni wa plastiki hazikunjwi: hizo hurekebishwa kwa washa chini ya kikalio cha vali.

Kimo kikitofautiana kati ya kabureta mbili, moja itatoa petroli nyingi kuliko nyingine hata kama nati zimekaa sawa.

Sasa sikiliza pampu. MGB ina pampu ya umeme ya SU iliyofungwa nyuma. Washa swichi bila kuwasha injini. Utasikia "tak-tak-tak" ya haraka, kisha inapungua na kusimama. Hiyo ndiyo dalili njema: chemba zimejaa na vali zimefunga. Ikiendelea kugonga bila kukoma, inama utazame mipira ya kumwagia ziada. Petroli ikidondoka, vali ya floti haifungi, huenda kuna chembe ya uchafu. Usipoona tone popote, pampu inavuta hewa kwenye maungio ya bomba huko nyuma. Usiwashe injini huku petroli inadondoka juu ya ekzosi.

## Hatua ya 5: Mahali pa kuanzia

Lengo hapa ni kuzifanya kabureta zianze zikiwa sawa kabisa, kisha zirekebishwe pamoja.

1. Legeza klipu za shafti inayounganisha vipepeo viwili, na za ile inayounganisha jeti kwa ajili ya choki. Kila kabureta sasa inajitegemea.
2. Rudisha nyuma skrubu za mwendo wa choki zisiguse chochote.
3. Legeza skrubu ya sailensi ya kila kabureta hadi kipepeo kifunge kabisa. Izungushe irudi mpaka iguse tu, kisha ongeza mzunguko mmoja. Zote mbili sawasawa.
4. Pandisha nati ya jeti mpaka jeti iwe sawa na daraja lililo ndani ya mdomo wa kabureta. Nyanyua pistoni uone kwa macho. Kisha shusha nati mizunguko miwili kamili, yaani pande 12. Zote mbili sawasawa.
5. Jaza oili ya SAE 20 kwenye bomba la pistoni. Ingiza dampa taratibu: ukisikia oili inaipinga wakati kifuniko chake kimebakiza kama milimita 6 kufika kwenye kuba, kiasi kinatosha. Kisha kaza.

Kuhusu oili hii: kazi yake ni kuizuia pistoni isiruke ghafla unapokanyaga mafuta. Bila oili, gari hukohoa na kusita kila unapoongeza mwendo, na mtu anaweza kuhangaika na jeti wiki nzima kumbe dampa ni kavu.

## Hatua ya 6: Pasha injini moto ipasavyo

Endesha gari kwa dakika 15 au zaidi. Kuiacha ikiguruma pale ilipo hakutoshi, maana geji itafika mahali pake kabla mwili wa injini haujashika joto.

Kuanzia hapa, usiiache kwenye sailensi muda mrefu. Kila baada ya dakika mbili tatu, pandisha hadi mizunguko 2,500 kwa nusu dakika kusafisha plagi na manifoldi, kisha uendelee. Usipofanya hivyo petroli hujikusanya ndani ya manifoldi na majibu unayopata yatakuwa ya uongo.

## Hatua ya 7: Linganisha hewa kwanza

Kabureta mbili ni kama makasia mawili ya mtumbwi mmoja: upande mmoja ukivuta zaidi, chombo kinakwenda mrama. Ndiyo maana hewa hutangulia petroli. Ukirekebisha petroli wakati kabureta moja inavuta hewa zaidi, utakuwa unailisha silinda 1 na 2 kupita kiasi na kuzinyima 3 na 4, au kinyume chake.

Ea klina zikiwa zimetolewa, weka ncha moja ya mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, ukingoni, mahali fulani utakapoweza kurudia. Utasikia mvumo wa "shhh". Nenda ya nyuma, mahali palepale. Mvumo ulio mkubwa zaidi ndio wenye hewa nyingi zaidi.

Punguza skrubu ya yenye mvumo mkubwa, ongeza ya yenye mvumo mdogo, robo ya mzunguko kwa mara moja, mpaka mvumo ufanane na sailensi iwe kati ya 750 na 850. Usitazame sauti kubwa au ndogo peke yake, sikiliza pia wembamba wake: mvumo wa filimbi na mvumo mzito haujalingana hata kama vinaonekana sawa kwa ukubwa.

Umefaulu ukihamisha mpira mbele na nyuma huku umefumba macho, na usitambue ni kabureta ipi.

## Hatua ya 8: Sasa petroli

Zungusha nati zote mbili kwa kiasi kilekile, upande mmoja kwa wakati mmoja. Unapopandisha nati, sukuma jeti juu kwa kidole uhakikishe imeifuata. Jeti inayobaki chini ni chanzo kikubwa cha watu kusema "nimepandisha na hakuna kilichobadilika."

Pandisha upande mmoja, subiri, sikiliza. Sailensi ikipanda, uko njia sahihi, ongeza mwingine. Ikianza kushuka au kuyumba, rudi. Unatafuta mahali ambapo injini inazunguka haraka zaidi bila kuyumba. Mwendo ukipanda sana, rudisha skrubu za sailensi, zote mbili sawa, kisha linganisha hewa tena.

Halafu fanya jaribio la pini. Chini ya kila kuba, pembeni, kuna pini ndogo ya kunyanyulia pistoni. Isukume juu: mwanzo ni mchezo mtupu, kisha utahisi imeigusa pistoni. Kutoka hapo nyanyua kiasi kidogo sana, kama milimita 0.8, na usikilize:

- Mwendo unapanda kidogo kisha unatulia: mchanganyiko ni sahihi.
- Mwendo unapanda na kubaki juu: ni mzito. Pandisha nati upande mmoja.
- Mwendo unashuka au injini inataka kuzima: ni mwepesi. Shusha nati upande mmoja.

Watu hukosea hapa kwa kunyanyua kupita kiasi. Pistoni ikinyanyuliwa milimita 5, injini yoyote itazima, na utadhani mchanganyiko ni mwepesi, utashusha nati, na gari litaanza kunuka petroli. Kama pini imekatika, tumia bisibisi nyembamba kupitia mdomo wa kabureta, kwa mkono mwepesi.

Kabureta hizi huathiriana kupitia manifoldi. Baada ya kurekebisha ya nyuma, rudi uijaribu ya mbele. Kupita raundi tatu au nne ni jambo la kawaida.

Mwishoni nenda nyuma ya gari, usikilize ekzosi. Mlio uwe na mapigo sawa. Mapigo yanayoruka bila mpangilio, bila moshi, ni ya mchanganyiko mwepesi. Misi yenye mpigo wa kujirudia na moshi mweusi ni ya mchanganyiko mzito.

## Hatua ya 9: Unganisha vipepeo bila kuharibu ulichofanya

Hapa ndipo seti nyingi nzuri hufia. Mtu amelinganisha sailensi vizuri, kisha anakaza klipu za shafti ovyo, na kabureta moja inafunguka kabla ya nyingine. Sailensi inabaki tulivu, ila ukikanyaga mafuta gari linavuta kwa kusitasita.

Zima injini. Kwenye MGB kila kipepeo kina uma, na kidole kutoka shafti ya kati huingia kwenye uma huo. Weka fila geji ya milimita 0.3 kwenye kizuizi cha shafti ya kati, ili shafti iwe imeinuka kidogo kutoka mahali pake pa kupumzika. Kisha sogeza kila kidole mpaka kiguse mkono wa chini wa uma bila kuusukuma, ukaze klipu. Fanya hivyo kwa kabureta ya pili. Toa fila geji: vidole vyote viwili sasa vina mwanya mdogo ulio sawa, na vitaanza kusukuma kwa wakati mmoja.

Washa injini, mwenzako ashikilie mizunguko 1,500, na usikilize tena kwa mpira. Mvumo ulio sawa kwenye sailensi na kwenye 1,500 ndio kazi iliyokamilika. Ukitofautiana hapo juu tu, rudia klipu. Usiguse skrubu za sailensi.

Kwa choki, funga klipu za jeti zote mbili zikiwa juu kabisa, uache waya ulegee kama milimita 1.5. Vuta choki taratibu mpaka karibu jeti zianze kushuka, kisha seti skrubu zake injini ifike kama 1,000 hadi 1,100, kwa kulinganisha mvumo kama mwanzo.

## Hatua ya 10: Barabarani, na suala la mwinuko

Rudisha ea klina. Kuziacha nje "ili injini ipumue" ni kuialika vumbi ndani ya silinda, na kwenye barabara zetu injini haitachukua muda mrefu kuonyesha hasara. Rudia jaribio la pini zikiwa zimefungwa kama unaweza kuzifikia, kwani hubadilisha mchanganyiko kidogo.

Endesha kilomita kadhaa kwa mwendo wa kawaida, tafuta mahali salama pasipo na magari, kanyaga klachi, zima injini na uache gari lisimame. Zima tu, usigeuze ufunguo hadi kwenye kufunga usukani. Plagi zikipoa kidogo, zitoe. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi ni mchanganyiko mzito, na nyeupe kama chaki ni mwepesi. Plagi 1 na 2 zinasimulia zaidi kabureta ya mbele, 3 na 4 ya nyuma.

Sasa mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Arusha kama mita 1,400, ilhali Mombasa na Dar es Salaam ziko pwani kabisa. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyembamba, ila jeti na sindano hazijui hilo. Gari lililosetiwa Dar likifika Arusha linakuwa zito: linakula petroli, plagi zinaweka masizi, linakosa nguvu. Inaudhi, lakini haivunji kitu kwa safari ya siku chache.

Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Gari lililosetiwa Nairobi, likabanwa liwe jepesi ili kuokoa petroli, likishuka Mombasa linapata hewa nene zaidi na mchanganyiko unakuwa mwepesi mno. Mwenye gari haoni moshi wowote, anaona gari linakwenda vizuri, huku vali za ekzosi na vichwa vya pistoni za injini vinaungua kwa joto kwenye mwendo mrefu wa Mtito Andei hadi Voi. Kabla ya kushuka pwani, shusha nati zote mbili upande mmoja, ukifika fanya jaribio la pini injini ikiwa ya moto, uongeze mwingine kama pini itakuambia. Andika kwenye daftari ni pande ngapi kutoka juu kwa kila mji. Wakati wa kurudi hutahitaji kubahatisha.

## Ukikwama

Sailensi hairudi chini baada ya kukanyaga mafuta. Chomoa waya wa mafuta. Ikirudi, waya umekaza. Isiporudi, angalia springi za vipepeo na shafti ya kati, kisha choki kama imeacha jeti moja chini.

Pini inasema ni mzito hata nati ikiwa juu kabisa. Kimo cha floti kiko juu, au jeti imechakaa na tundu lake si la duara tena. Jeti na sindano hubadilishwa pamoja, na kwa kabureta zote mbili.

Gari linakohoa ukikanyaga ghafla, sailensi ni nzuri. Tazama oili ya dampa kabla ya kitu kingine. Iangalie kila unapobadilisha oili ya injini. Ikiwa inapungua haraka kwenye kabureta moja tu, oili inapita pembeni mwa fimbo ya pistoni, na kabureta hiyo inahitaji kuba na pistoni nyingine kama jozi.

Kabureta moja haijali ukizungusha nati yake. Silinda zake mbili hazichangii kitu. Rudi hatua ya 1, pima moto kwenye waya za plagi hizo, halafu hatua ya 2, gasketi ya manifoldi upande huo.